Nafasi ya Beringi ya Tatu

Jumanne asubuhi Fundi Mama aliilaza bloku ya injini kifudifudi juu ya meza ya chuma, akaipangusa kwa kitambaa kisichotoa manyoya, taratibu, kama anayemkausha mtoto baada ya kumwogesha. Kisha akasema bila kugeuka, "Leo tunapima."

Mkwe wake alijifanya hakusikia. Alikuwa ameliinamia karai la mafuta ya taa, anasugua pampu ambayo ilikwisha kutakata tangu nusu saa iliyopita.

"Vipimo! Nasema nawe."

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa mle karakanani kwa wiki tisa. Zamani ndilo lilikuwa jina lake hasa. Alipewa na Kereza, fundi mwenye tumbo kubwa na mdomo usio na breki, aliyeendesha mashine za kuchonga vyuma katika chumba cha mbele. Siku moja alimkuta anapima kwa mikrometa unene wa karatasi ya risiti, kisha wa jani, kisha wa unywele wake mwenyewe, huku anacheka peke yake. Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita, na kila jioni alikwenda darasani kusomea ufundi, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na wanane. "Huyu shemeji yangu," Kereza alitangaza, "mtoto wake atazaliwa na desimali."

Tangu ajali, jina lilikufa. Watu walimwita dada, au mama mtoto, kwa sauti ya chini inayotumika kwa mfiwa.

"Mama, pima na Kereza," alisema sasa. "Mimi nina hii pampu."

"Hiyo pampu ukizidi kuisugua itatoboka. Nawa mikono uje."

Akanawa. Alinawa mara mbili, na sabuni haikuwa sababu.

Ndani ya injini kuna krenki, ule mhimili mzito wenye viwiko unaobeba nguvu zote za pistoni. Krenki haikai hivihivi ndani ya bloku. Imeshikwa kwenye shingo tano, na kila shingo imekumbatiwa na beringi yake, vipande viwili vyembamba vya duara vinavyokutana kama viganja vya mtu anayechota maji. Juu ya beringi hufungwa kofia ya chuma, na kofia hukazwa kwa bolti mbili. Baina ya shingo na beringi lazima ibaki nafasi ya kupita mafuta. Nafasi yenyewe ni mikroni sitini hivi: uichukue milimita moja, uikate vipande elfu, halafu ubakishe sitini. Ni unywele mmoja, tena uwe mwembamba. Ikizidi, mafuta yanatoroka na presha inaanguka. Ikipungua, mafuta hayana pa kupita, na chuma kinakula chuma. Gari la kuendea dukani linaweza kukuvumilia. Injini ya mashindano inazunguka mara elfu nane kwa dakika, haikuvumilii hata kidogo.

Haikumvumilia Dereva, mume wa Vipimo. Wiki tisa zilizopita, kwenye kona ya tatu ya barabara ya mazoezi, krenki ilikamata ghafla. Magurudumu yakaganda, gari likajizungusha mara mbili likaenda kuubusu ukingo wa udongo kwa ubavu. Dereva alitoka kupitia dirishani, mtulinga, ule mfupa wa begani, umevunjika vipande viwili, anacheka kwa uchungu. Injini ilipofunguliwa, beringi nne zilikuwa nzima. Ya tatu ilikuwa nyeusi kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

Na aliyeipima ni Vipimo.

Kusema kweli hakuipima peke yake. Katika karakana ile kulikuwa na utaratibu ambao Fundi Mama aliurithi kwa marehemu mumewe na hakukubali upunguzwe. Kila nafasi ilipimwa na watu wawili, mmoja baada ya mwingine, bila kusemezana. Kila mmoja aliandika namba yake kwenye kikaratasi, akakilaza kifudifudi chini ya kopo la grisi. Mwishowe vikaratasi vilifunuliwa pamoja. Vikitofautiana zaidi ya mikroni mbili, namba zote zilitupwa, watu wakaenda kunywa chai, wakarudi kuanza upya. "Mtu mmoja hukosea," Fundi Mama alizoea kusema. "Wawili hawakosei mahali pamoja."

Siku ile ya beringi ya tatu vikaratasi, chake na cha Fundi Mama, vililingana barabara: hamsini na nane, na hamsini na nane.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Vipimo hakuwa amelisema kwa mtu yeyote. Darasani alifundishwa kupima mara tatu kila mahali, aandike namba iliyojirudia. Siku ile mtoto aliamka katika kile chumba kidogo cha ofisi chenye kioo, akaanza kulia kile kilio cha njaa kinachopanda ngazi. Maziwa yakamjaa mama yake mpaka yakalowanisha blauzi. Akapima mara moja tu, akaandika, akakimbia. Mara moja! Kuhusu ile namba ya pili iliyolingana na yake, alijiambia kwamba huenda Fundi Mama naye aliteleza, ajali ya bahati mbaya. Kilichomsumbua ni kilio kile na haraka ile. Alimnyonyesha mtoto, akamvunja baba yake.

Fundi Mama aliitazama beringi iliyoungua, akasema, "Mafuta hayakufika," akaondoka. Hakuongeza neno, siku ile wala baadaye. Nyumbani alizidi kumbebea mtoto, akazidi kumwekea chakula kingi. Vipimo aliona anahurumiwa, na huruma ile ilimlemea kuliko matusi. Bora angepigiwa kelele, yaishe.

Dereva ndiye aliyemfanyia mzaha. "Mfupa ni wangu," alimwambia, "mbona unakuuma wewe?" Lakini mfupa ulikwisha kuunga, na Jumamosi hii Dereva alikuwa anaingia tena ndani ya gari lilelile, kwa injini hii mpya, hii iliyolala hapa mezani na kungoja mikono ya mkewe.

"Funga kofia zote tano," Fundi Mama alisema. "Kaza kwa kipimo kamili. Mimi nakwenda kuzungumza na watu wa mafuta kwenye simu, nikirudi naanza moja na mbili, wewe anza tatu."

"Nianze tatu?"

"Hukusikia? Tatu."

Mama mkwe akatoka. Vipimo akabaki na bloku, spana ya kukazia kwa kipimo, na sanduku la bolti kuukuu.

Bolti zilikuwa kuukuu kwa makusudi. Siku ya kufunga moja kwa moja hazingetumika. Kwa injini za mashindano Dereva alikuwa ameagiza stadi, vyuma vyenye hesi, ile mikunjo ya kuzungushia nati, ncha zote mbili, vinavyopandwa kwenye bloku kisha vikakazwa kwa nati. Vina nguvu maradufu kuliko bolti za kiwandani. Zilikuwa kabatini, zimefungwa kitambaa cheupe, zinang'aa kama vijiko vya wageni. Na sheria ya Fundi Mama juu yake ilikuwa moja: haziguswi mpaka siku yenyewe. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi na zile bolti zinazovutika zikikazwa, ambazo ukizikaza mara moja basi zimekwisha kazi, zikirudishwa kwenye injini inayotembea hukatika. Kwa hiyo kupima alipima kwa kuukuu, na kufunga alifunga kwa mpya. Ndivyo alivyofanya kwa injini ile iliyoungua, ya kwanza kufungwa stadi. Ndivyo alivyofanya miaka thelathini.

Vipimo alikaza kofia ya kwanza, ya pili. Alipofika ya tatu, bolti ya kushoto ilikaza vizuri. Ya kulia ilizunguka, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka kwa ulaini wa kijiko ndani ya uji. Akaitoa. Hesi zilikuwa zimelika, zimebaki vivuli.

"Kereza!" aliita. "Una bolti nyingine ya saizi hii?"

Kichwa kikachomoza kwenye pazia la plastiki. "Shemeji, bolti hizo zilikuwa kumi kamili tangu sijaoa. Na unajua watoto wangu wanavyonyoa ndevu sasa."

"Nitafanyaje?"

"Ngoja Fundi."

"Kwenye simu na watu wa mafuta? Atakuja kesho kutwa."

"Basi kabatini kuna zile za harusini." Akainua nyusi, akashusha sauti. "Mimi sikuona kitu. Mimi sipo. Nimekwenda kuswaki." Kichwa kikazama.

Vipimo akalitazama kabati. Aliwaza kwamba akisubiri, mtoto ataamka, na yatakuwa yaleyale. Akapiga moyo konde, akafungua kitambaa cheupe, akatoa stadi mbili na nati zake. Akazipanda kwa mkono kwenye kofia ya tatu, akapaka mafuta, akakaza mpaka spana ikalia *tak*.

Kisha akashika mikrometa.

Ilikuwa baridi, nzito kidogo kuliko alivyoikumbuka. Akaipima shingo ya tatu ya krenki, akakitega kwenye namba hiyo kile kipimo cha matundu chenye uso wa saa, kinachoonyesha tofauti, akakiingiza ndani ya duara la beringi, akakichezesha polepole huku na huku mpaka mshale ukageuka. Akasoma.

Thelathini na nane.

Jana Kereza mwenyewe, alipomaliza kuchonga, alisema maduara yote matano yanatoa sitini kasoro. Vipimo akafuta uso kwa kiwiko, akapima tena. Thelathini na nane. Mara ya tatu, huku anahesabu pumzi zake: thelathini na nane.

*Sijui tena kupima,* aliwaza. *Nimesahau, au sikuwahi kujua.* Machozi yakamjia karibu. Akapima ya kwanza, kwa kujiadhibu tu. Hamsini na tisa. Ya pili, sitini. Mikono ilikuwa ileile, mikrometa ileile, mwanga wa dirisha lilelile.

Kwenye ofisi mtoto alijigeuza, hakuamka.

Halafu akafanya jambo dogo ambalo hakuna aliyemwambia afanye. Alitoa stadi mbili kwenye kofia ya tatu, akazikongoa bolti mbili nzima za kofia ya pili, akazifunga hapo kwenye ya tatu. Akakaza, akapima. Hamsini na nane.

Akarudisha stadi. Thelathini na nane.

Bolti. Hamsini na nane.

Stadi. Thelathini na nane.

Akaketi juu ya kigoda. Duara lilikuwa linabadilika umbo. Stadi zilivuta kofia kwa nguvu nyingine kabisa, zikalibana duara juu na chini kama mtu anayeminya chungwa. Lile duara alilolipima kabla ya ajali kwa bolti kuukuu lilikuwa hamsini na nane kweli, lakini siku ya kufunga, stadi zilipoingia, lilikoma kuwa duara lile. Ya tatu, iliyo katikati na yenye kubeba mzigo kuliko zote, ikawahi kuungua. Hakuna aliyepima tena. Sheria ilikuwa kutozigusa.

"Nani kafungua kitambaa changu?"

Fundi Mama alikuwa mlangoni, simu mkononi, miwani juu ya paji la uso.

Vipimo akasimama haraka hata kigoda kikaanguka. "Ni mimi, Mama. Bolti moja imekula hesi, nikatumia..."

"Umezikaza?"

"Nimezikaza. Mara tatu."

"Mara tatu!" Fundi Mama akashika kiuno. "Mara tatu, mwanangu? Stadi za mume wako? Unajua zimetoka wapi? Si ungeningoja? Ningekuja nikute umeniharibia kitu ambacho..."

"Mama, pima."

"Nini?"

"Nakuomba upime ya tatu. Usiniulize kitu. Pima tu."

Hakuwahi kumwamuru mama mkwe wake hata siku moja, na wote wawili walilisikia. Nyuma ya pazia mashine ya Kereza ilizimwa ghafla. Mtu asiyekuwapo alikuwa anasikiliza vizuri.

Fundi Mama akateremsha miwani puani. Akapima. Akapima tena. Akaivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya khanga, akaivaa, akapima mara ya tatu.

"Thelathini na nane," alisema polepole. "Hii haiwezekani."

Vipimo akabadilisha, stadi zikatoka, bolti zikaingia. "Na sasa."

Mama mkwe akapima. Alibaki ameshika kile kipimo hewani, na uso wake ukapita hatua nyingi kwa mpigo: ubishi, hesabu, kisha kitu ambacho Vipimo hakukitegemea hata kidogo. Ulilegea. Ulilegea kama wa mtu aliyetua mzigo aliosafiri nao akasahau kuwa anao.

"Kwa hiyo ile ya tatu..." alianza.

"Ilikuwa hamsini na nane," Vipimo alisema. "Kweli ilikuwa hamsini na nane. Sikukosea." Akaweka spana chini. "Nilipima mara moja tu siku ile, Mama. Mtoto alikuwa analia. Sikupima mara tatu. Nimekaa nalo wiki tisa, nikimtazama mwanao anavyoshindwa kuvaa shati, najua ni mimi. Lakini sikukosea."

Fundi Mama alikaa kitini.

"Wewe ulipima mara moja," alisema. "Mimi sikupima."

"Mama?"

"Sikupima kabisa. Siku ile nilisahau miwani nyumbani. Nilishika mikrometa nikaona ukungu. Ningesemaje? Fundi mzima, watu wanatoka miji ya mbali kuniletea injini, niseme sioni? Ulipokimbilia mtoto, nikainua kopo la grisi, nikasoma kikaratasi chako, nikaandika kilekile." Akajipiga paja. "Nilikuibia jibu, mwanangu. Kama mtoto wa shule kwenye mtihani."

Vipimo akalitazama kopo la grisi.

"Na beringi ilipoungua, nilijua ni mimi," Fundi Mama aliendelea. "Utaratibu wa baba mkwe wako niliuvunja kwa majivuno, na mwanangu wa pekee akavunjika mfupa. Nikakosa hata uso wa kukutazama. Nikawa nakupakulia chakula."

"Mimi nilidhani unanionea huruma!"

"Nilikuwa najionea aibu!"

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka hakujulikana. Kilianza kama kwikwi, kikawa kicheko cha kubana mbavu, kile ambacho mtu akikitoa hawezi kusema kama analia. Fundi Mama alimvuta mkwe wake kifuani, grisi kwa grisi, wakatikisika pamoja mpaka mtoto akaamka na kuanza kulalamika kwamba kuna shughuli na yeye hakualikwa.

Pazia likafunguka. "Samahani," Kereza alisema, macho yamemlowa naye kwa sababu zake. "Mimi sikusikia chochote. Ila nauliza tu: yaani mmoja alipima nusu na mwingine hakupima kabisa, na namba ikawa sahihi? Niliyekuwa nachonga kwa uangalifu wote ni mjinga gani mimi?"

"Wewe ni mjinga wa kunyamaza," Fundi Mama alimjibu, anafuta macho. "Stadi hizi zinakuja kwako na bloku sasa hivi. Unazifunga zote kumi, unazikaza kama siku ya kufunga, halafu ndipo unachonga duara upya. Zikiwa zimekazwa, umesikia? Zikiwa mahali pake."

"Fundi, si ulisema haziguswi?"

"Nilisema. Nilisema juu ya bolti zinazovutika, nikazichanganya na hizi zisizovutika, kwa mazoea ya miaka na miaka. Unataka niandike gazetini?"

"Nilikuwa nauliza tu."

"Uliza huku unabeba."

Kereza akaibeba bloku kifuani kama mkwe mpya anavyobeba zawadi. Alichonga siku nzima na nusu ya siku ya pili, akipunguza chuma kwa viwango ambavyo jicho halivioni, na mara hii hakutania. Alhamisi bloku ikarudi mezani, imeoshwa, matundu yake yote ya mafuta yamepulizwa kwa upepo, stadi zimesimama safu mbili.

Wakapima. Fundi Mama alivaa miwani mbele ya watu wote, akaifunga kwa uzi shingoni ili isije ikamsahau tena. Vipimo alipima kila shingo mara tatu. Katikati ya ya tatu mtoto alilia. Akaweka kipimo chini, akaenda, akanyonyesha mpaka mtoto akashiba na kuchoka, kisha akarudi akaanza ya tatu tangu mwanzo. Hakuna aliyemharakisha. Fundi Mama aliketi akimngoja, mikono mapajani, akiimba kidogo puani.

Walipofunua vikaratasi vya ya tatu, kimoja kilisema sitini, cha pili sitini na moja.

"Umenizidishia moja," Fundi Mama alisema.

"Wewe ndiye umepunguza, Mama."

"Macho yangu ya sasa ni ya kioo, hayapunguzi."

"Basi yangu ni ya maziwa."

Wakafunga. Krenki ililala ndani ya mafuta, kofia zikashuka, nati zikakazwa kwa mizunguko mitatu. Vipimo aliisukuma krenki kwa kidole kimoja. Ikazunguka, polepole, bila sauti, ikaendelea kidogo peke yake baada ya kidole kuachia.

Ijumaa alasiri injini ikawa ndani ya gari, uani nyuma ya karakana, palipo na ukuta wa matofali na kamba ya nguo za mtoto. Kwanza waliizungusha kwa betri bila moto, plagi zikiwa nje, mpaka mshale wa presha ya mafuta ukainuka kitini. Ndipo wakarudisha plagi. Dereva akaketi, mkanda kiunoni tu, bega bado likimtahadharisha. Akaigusa swichi.

Iliwaka kwa ngurumo iliyotetemesha nepi kwenye kamba. Watu wote wanne walitazama mahali pamoja, uso mdogo wa saa kwenye dashibodi. Mshale ulipanda, ukapita nusu, ukasimama. Injini ilipopata moto ulishuka kidogo, kama inavyotakiwa, ukasimama tena. Dereva aliipandisha mizunguko, elfu mbili, elfu tatu, na kila ilipopanda mshale uliifuata kwa utii.

Baada ya dakika ishirini Fundi Mama alikata hewa kwa kiganja: zima.

"Tunafungua chini," alisema.

"Mama, inaunguruma kama simba!" Dereva alilalamika.

"Na ile nayo iliunguruma. Toka."

Walisubiri ipoe. Hakuna aliyeingia ndani. Kereza alinunua vinywaji akavigawa, akasimulia kisa kirefu cha shangazi yake na pikipiki ambacho hakuna aliyekifuata. Kisha gari likainuliwa, sahani ya mafuta ikateremshwa, na Fundi Mama akampa mkwe wake spana.

"Ya tatu. Fungua wewe."

Vipimo alilala chali kwenye mkeka chini ya gari, taa mkononi. Nati ya kwanza, nati ya pili. Akaigongagonga kofia kwa nyundo ya mpira mpaka ikaachia, akaiteremsha na kipande cha beringi ndani yake. Mafuta ya joto yakamtiririkia hadi kiwikoni. Kwa kitambo alifumba macho. Halafu akafumbua.

Beringi ilikuwa na rangi ya kijivu, laini, sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, haina mkwaruzo hata mmoja. Akapitisha kidole gumba. Kikateleza kama kwenye shavu la binti yake. Akapitisha tena, na tena, na hapo chini ya gari, ambapo hakuna aliyemwona, akatabasamu mpaka taya zikamuuma.

"Wee! Umelala?" Kereza aliinama. "Tuambie, tunakufa huku."

Vipimo alitoa mkono nje tu, kiganja wazi, na beringi juu yake. Fundi Mama akaichukua, akaigeuza kwenye jua, akampa Kereza, Kereza akampa Dereva. Yeye hakujua cha kutazama, ila alizijua nyuso za watu wake.

Wakarudisha kila kitu, wakakaza, wakajaza mafuta mapya. Jua lilikuwa limeanza kulegea ukutani wakati Dereva alipoketi tena, safari hii na mkanda kamili, kofia ngumu kichwani. Geti la ua lilikuwa wazi, na mbele yake ile barabara ndefu ya nyuma ya maghala isiyopita mtu siku ya Ijumaa.

Akateremsha kioo. Hakumtazama mama yake wala Kereza. Alimtazama mkewe, aliyesimama na mtoto kiunoni, mkono mmoja ukiyaziba masikio yake madogo.

"Nifanyeje, Vipimo? Niende taratibu?"

Wiki tisa zote Vipimo alikuwa akimwambia mumewe taratibu. Taratibu na ngazi, taratibu na shati, taratibu hata na kijiko. Akatazama ile barabara, akamtazama.

"Kanyaga," alisema.